Mama Mkwe na Nadhiri ya Ukimya

Fundi meno alikuwa mcha Mungu, na hilo ndilo lililomponza. Asingeamini karma, kwamba kila tendo humrudia mtendaji, angekaa kwa raha zake.

Alitengeneza meno ya bandia katika chumba cha uani, penye meza moja, jiko la kuyeyushia nta na rafu iliyojaa vinywa vilivyofinyangwa kwa plasta. Kila asubuhi aliwasha udi mbele ya picha ya Krishna, akasali, kisha akashika tupa. Hapo mama mkwe wake, aliyehamia kwao baada ya kufiwa na mumewe, alivuta kiti na kuanza kusimulia. Mama yule alikuwa na maneno! Angeweza kusimulia safari ya sokoni kwa muda mrefu kuliko safari yenyewe.

Siku moja akaomba naye atengenezewe meno. Fundi akamtengenezea, mazuri, meupe. Ila kabla ya kumkabidhi alisita, akayarudisha mezani, akaongeza unene pale ulimi unapogusa. Unene wa ukucha tu. Kula, mama alikula. Kusema ndiko kulikokuwa na kazi, maana kila neno lilitoka na mluzi. Alipiga mluzi siku mbili. Siku ya tatu akanyamaza kimya.

Basi jirani mmoja, mshona viatu, akaja kumlalamikia mama kuhusu mkewe. Mama akamtazama, akatikisa kichwa, akafumba macho. Mshona viatu akatoka akilia, akaenda kupatana na mkewe. Habari zikaenea kwamba kwa fundi meno kuna mtakatifu aliyeweka nadhiri ya ukimya. Haukupita mwezi, foleni ikafika barabarani, na watu wazima na akili zao wakamgusa miguu kwa heshima.

Fundi akakosa amani. Akaenda kwa kuhani wa hekalu.

"Mungu anasamehe?"

"Anasamehe, tena hachoki."

"Na karma je?"

"Iko palepale. Msamaha haung'oi mti uliopanda. Unakupa moyo wa kula tunda lake bila kununa. Kwani umefanya nini?"

Fundi akaeleza. Kuhani akajiziba mdomo kwa shali, mabega yakimcheza. "La Mungu sema na Mungu," akasema alipopata pumzi. "La mama mkwe, kaseme na mama mkwe."

Fundi akarudi, akangoja watu waondoke, akapiga magoti na kukiri yote. Kisha akaongeza alilokuwa amelipika njiani:

"Lakini mama, huenda katika maisha yaliyopita ulimziba mtu mdomo. Karma yako ndiyo iliyokurudia. Mimi nilitumika tu."

Mama akachomoa meno, akayaweka kwenye sahani. "Huenda, mwanangu," akasema kwa ufizi. "Huenda nilikuwa kasuku nikamkera mfalme. Mvua yangu ilikuwa njiani. Lakini nani alikutuma wewe uwe wingu?"

Mama akaisukuma sahani mbele yake.

"Ulisita kabla ya kuyaharibu?"

"Nilisita."

"Muda gani?"

"Kama wa kunywa maji."

"Basi hapo ulikuwa huru. Ungekwenda kunywa maji."

Fundi akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

"Nilikusamehe wiki ya kwanza. Unadhani siujui ulimi wangu? Nilinyamaza nione utaibeba siri yako mpaka lini, halafu hawa watu wakanivamia. Miaka yote nasema, hakuna anayesikia. Nimenyamaza, wanasikia mambo nisiyoyasema! Nitengenezee mengine."

Akamtengenezea. Asubuhi ya kwanza mshona viatu alikuwa mbele kwenye foleni. Mama akamwambia, "Mkeo hana tatizo. Tatizo ni wewe na ubishi wako," kisha akamchambua tangu alipohamia mtaani. Kufikia saa nne foleni ilikuwa imeyeyuka. Mwanamke mmoja tu alibaki, akaomba yale meno ya zamani ayaweke kwenye madhabahu ya nyumbani kwake. Mke wa fundi akamfukuza kwa ufagio.

Kesho yake mama alikuwa chumba cha uani, akisimulia habari za dada yake aliyepanda treni isiyo yake, akashuka mji asioujua na kukaa huko miaka miwili. Katikati akanyamaza kutafuta miwani. Mashine ya kung'arishia meno ilikuwa karibu na mkono wa fundi. Angeiwasha, ingeunguruma mpaka mchana.

Fundi akauondoa mkono.

"Ehe, mama," akasema. "Aliposhuka, alifikia kwa nani?"