Nilivyowapatanisha Paka Wawili

Mimi ni mjumbe wa baraza la usuluhishi hapa Nyahanga, Kahama. Kazi yangu ni kupatanisha majirani wanaogombania mipaka ya mashamba. Kwa hiyo mke wangu, anayewapikia wachimbaji kule Mwakitolyo, aliporudi na paka dume ndani ya kapu, nilimwambia aniachie mimi. Paka wetu jike alikuwa amelala kwenye kochi, mahali pake pa miaka yote.

Niliweka sahani moja ya dagaa sebuleni, nikamtoa mgeni na kumweka mbele ya mwenyeji wake.

"Nyote ni watoto wa nyumba hii," nilianza.

Sikumaliza. Jike alivimbisha mkia, akaruka. Dume akakimbilia mgongoni kwangu, kucha zote nje, nami nikapanda juu ya meza nikipiga mayowe.

Mke wangu alikuja mbio, mwiko mkononi.

"Baba, hao wa mipaka nao unawalisha sahani moja siku ya kwanza?"

"Hapana."

"Basi shuka."

Alimfungia mgeni stoo. Akawa anawalisha kila mmoja upande wake wa mlango, na kuwabadilishia matambara ya kulalia ili kila mmoja azoee harufu ya mwenzake. Mimi barazani, wajumbe wenzangu walipouliza mikwaruzo ile, nilisema nimechomwa na miiba.

Baada ya wiki kadhaa alifungua mlango. Jike alimnusa mgeni, akamzaba kofi moja, kisha akarudi kulala. Dume akajilaza chini ya kochi.

Siku hizi wageni wakiwasifu paka wetu, mimi huwaambia kwamba mambo haya yanataka subira. Mke wangu hucheka jikoni, tena kwa sauti.