Muzee wa Nyumba Iliyohamishwa

Hili sikusimuliwa na mtu. Niliona kwa macho yangu, na aliyeumia ni mdogo wangu wa tumbo moja, Deo. Ukitaka kucheka, cheka sasa, kabla sijaanza.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Hapa Bukavu, juu ya kilima cha Nyalukemba, mzungu mmoja wa Uswidi alikuwa na uwanja mkubwa wa maonyesho. Alijenga nyumba ya magogo kama za babu zake, akaweka chui, swala na nyani ndani ya vizimba. Baadaye akaanza kununua nyumba za kale vijijini. Zilibomolewa nguzo kwa nguzo, zikasimamishwa upya pale uwanjani ili watu wazitazame. Sisi weusi tuliruhusiwa Jumamosi mchana tu.

Deo, mwashi, ndiye aliyenivuta twende. Tulitazama ile nyumba ya magogo, kisha tukainama kuingia nyumba ya nyasi iliyotolewa kijiji cha Katana. Ndani, kando ya mafiga yasiyo na moto, muzee alikuwa amekaa, amejifunika blanketi. Nilidhani analipwa akae pale. Wewe ungedhani nini?

"Mutoto yangu," akamwambia Deo, "walinilaza nyuma ya nyumba yangu. Ikaenda, nikaifuata. Sasa njia ya kurudi Katana iko wapi?"

Deo alifikiri ni uzee tu unamchanganya. "Kuja, Papa, nitakufikisha." Akamshika mkono.

Tulipopita kwenye kizimba cha chui, yule mnyama alirudi nyuma mpaka ukutani, akajikunyata akitetemeka. Nyani wote wakanyamaza. Getini sentineli, yule mlinzi, akanitazama.

"Maman, huyu mbona anatembea mukono mbele?"

"Anamushika muzee."

"Muzee gani? Muko wawili tu."

Niligeuka. Kando ya Deo hapakuwa na mtu. Deo akataka kuachia ule mkono, vidole vyake vikakataa kufunguka.

Niamini, hata daktari alishindwa kuvifungua. Uashi ukaishia hapo. Kila mchana Deo alinyanyuka, akashika njia ya Katana, mkono mbele kama anayeongoza kipofu, na sisi nyuma tukimkimbilia. Mama akaanza kumfungia chumbani.

"Yaya, dada yangu, niache nimufikishe," aliniambia siku moja kutoka ndani. "Amechoka. Na mimi nimechoka."

Alilia sana. Mama alikuwa sokoni. Nikafungua mlango.

Tulimpata siku ya tatu, Katana, amelala katikati ya mashimo ya nguzo za ile nyumba, ameshakufa. Vidole vimefunguka, vyeupe kama vya mtu aliyekaa sana majini.

Mama hakunisemesha tena mpaka siku tulipomzika yeye mwenyewe. Tangu hapo sijaolewa, sijatoka Bukavu, na usingizi wa mchana siujui.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayependa kwenda kutazama nyumba za watu zilizong'olewa kwao: tazama, upite. Mtu akikuuliza njia humo ndani, muelekeze kwa mdomo. Mkono wako usimpe.