Swichi ya Bafuni

Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, na kila mwaka nawaambia darasa la sita jambo lilelile: balbu isipowaka, usikimbilie balbu. Anza kwenye betri, fuata waya, kagua swichi, ndipo uiguse balbu. Anayeruka hatua namkata maksi bila huruma. Nyumbani kwangu Singe niliruka hatua zote. Mganga hajigangi, wanasema, lakini mimi sikuwa hata na udhuru wa kuumwa.

Mama alihamia kwetu kutoka milimani Mbulu baada ya kupooza mkono wa kulia. Alikuwa amelima kwa jembe la mkono maisha yake yote, na hakupenda kushikwashikwa. Kilichomtesa kuliko ule mkono ni kuogeshwa na mke wangu. "Mkwe akishaniona hivi, nitamtazamaje tukikaa kula?" aliniuliza. Ndiyo maana nilinunua hita, lile tangi dogo la umeme linalotundikwa ukutani juu ya bomba la kuogea, na chini yake nikaweka kiti cha plastiki. Mama akawa anabonyeza swichi iliyo nje ya mlango kwa mkono wa kushoto, anasubiri, anaingia na kufunga komeo. Sisi tulikuwa tukisikia maji na wimbo wa kanisani. Akitoka huko alikuwa mtu mzima tena, anaulizia chai kama mwenye nyumba.

Mwezi wa sita, siku zile upepo wa mlima Kwaraa unapokuwa mkali, maji yakaanza kutoka ya baridi. Taa nyekundu ya hita ilikuwa inawaka, ila kwa unyonge. Mama alisema asubuhi ileile, "Ile swichi nikiigusa ina moto, na inanuka plastiki." Nikamjibu, "Sawa, mama," kwa sauti ile tunayowajibia wazee na watoto wadogo.

Nikamwita fundi. Mafundi wa umeme ni wengi hapa mjini, lakini huyu ndiye baba wa ubatizo wa mwanangu wa kwanza, na kumwita mwingine kungekuwa tusi. Aliyesimama na mtoto wako kwenye kisima cha ubatizo humwambii, "Pima kwanza." Kumsimamia kazini ni sawa na kumwita mwizi. Akaitazama ile taa, akasema, "Mwalimu, umeme unafika. Hapa koili ndiyo imeungua." Nilimweleza maneno ya mama kuhusu swichi. Akacheka kwa upole. "Bibi naye. Swichi ya hita lazima ipate moto, mzazi mwenzangu." Na mimi nikacheka. Kicheko kile ndicho kinachonichukiza hadi leo, kwa sababu kwenye droo yangu shuleni ilikuwepo mita ya kupimia umeme, na nilijua kuitumia.

Koili mpya, kile chuma cha ndani kinachochemsha maji, ililetwa na basi kutoka Arusha baada ya siku tisa. Niliiona ile ya zamani alipoichomoa. Ilikuwa na ukoko mweupe wa chumvi ya maji yetu, lakini haikuwa imekatika mahali popote. Nikamkabidhi ile mpya. Maji yakabaki baridi. Akasema basi ni kile kifaa kinachozima hita maji yakishachemka. Tukaagiza, tukangoja, akafunga, maji baridi. Mwisho akagonga tangi kwa bisibisi, akasikiliza kama daktari, akasema limekwisha, ninunue hita nyingine. Nikanunua.

Muda wote huo mke wangu alikuwa akichemsha maji na kumwogesha mama. Siku za mwanzo mama alijifunika uso kwa khanga. Baada ya wiki tatu hakujifunika tena, nami kwa ujinga wangu nikafurahi, nikasema sasa wamezoeana. Sikujiuliza wimbo ulikwenda wapi.

Fundi aliifunga hita mpya Jumamosi, akawahi arusi. "Iachie muda," alisema. Niliiachia hadi Jumapili. Taa ilikuwa na unyonge uleule na maji baridi yaleyale. Hapo hasira ilinishika, na ilikuwa hasira ya kujichukia. Tulipotoka misani nilizima umeme wa nyumba nzima, nikaifungua ile swichi. Skrubu ilikuwa imelegea, waya mweusi kama mkaa, plastiki imeyeyuka. Umeme uliopita hapo ulitosha kuwasha taa, haukutosha kuchemsha maji. Nilikata sehemu iliyoungua, nikafunga swichi mpya kutoka duka la vifaa karibu na soko, kitu cha bei ndogo kuliko vyote tulivyonunua. Kazi yenyewe haikumaliza nusu saa. Maji yalipotoka yalinibabua vidole.

Nikaenda kwa mama. "Maji yana moto. Unaweza kuoga mwenyewe sasa." Akanyanyuka polepole, akaingia, akaurudisha mlango. Nilisimama nje nikisubiri komeo. Halikufungwa. Maji hayakufunguliwa. Baada ya muda akaita kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwambie mkeo aje. Mkono huu nao siuamini tena." Alikuwa anausema ule wa kushoto, ule mzima.

Wiki ile fundi alipita kutazama kazi yake. Alimwamkia mama shikamoo, akaenda bafuni, akafungua bomba, akakinga mkono na kuutoa kwa haraka. Akarudi sebuleni anatabasamu. "Nilikuambia, mwalimu. Lile tangi lilikuwa limekwisha." Swichi mpya ilikuwa hapo mlangoni, nyeupe, na hakuiona. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nikamtazama mtoto wangu aliyekuwa amekaa karibu na baba yake wa ubatizo, nikasema, "Kweli, ulisema."

"Na bibi sasa anaoga vizuri?" akamgeukia mama.

"Vizuri, mwanangu," mama alijibu. "Mkwe wangu ananisugua hadi mgongo. Mungu akubariki."

Akaitikia amina, akasogeza kikombe chake, na mimi nikamwongezea chai.