Siku Baba Alipompima Mama Mkwe Kiwanjani

Baba yangu, Kasimiri, alikuwa akipima watu kwenye kiwanja cha ndege cha Tabora. Nikisema hivyo wengi wanadhani nakosea, kwamba alipima mizigo. Mizigo ndiyo, na watu pia. Unapanda juu ya mizani na viatu vyako na mkoba wako, baba anatazama mshale, kisha anataja kilo zako kwa sauti ili Damas, karani, aandike kule ndani dirishani. Kila aliyepo anasikia. Wanawake wa mjini walikuwa wakijifunika uso kwa khanga.

Kazi hiyo alianza nayo Bukene, kwenye pamba ya chama cha ushirika. Huko walimwita Jiwe, kwa sababu hakumwongezea mtu wala kumpunguzia. Hata hapa kiwanjani alimpima padri mmoja mara mbili, mara ya pili bila koti. Babu yake baba alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, na baba alipenda kusema kwamba ukoo wao ulijua uzito kwa shingo kabla ya kuujua kwa macho.

Mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha, kiwanja kilikuwa kinarefushwa ili ndege kubwa zitue. Watu walijitolea, wakafyeka miti, wakamwaga changarawe. Kabla haijashindiliwa, mvua ikaja, na ile nusu mpya ikawa tope tupu. Basi zikawa zinakuja ndege ndogo, za abiria wanane. Rubani alisema wazi: kilo zikizidi, ndege haitainuka kabla ya kufika topeni, na ikiingia topeni itapinduka.

Reli nayo ilikatwa na maji. Na wakati huohuo ikaja habari kwamba mjomba Bernardo, mdogo wake mama, amelazwa Dar es Salaam, atapasuliwa tumbo, na anamtaka mama yake. Wenzake wa kazini wakamkatia bibi tiketi ya ndege. Bibi Minza, wa Puge, ambaye hata garimoshi alilipanda kwa kusukumwa.

Sasa, kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Baba hakuwahi kula mbele ya bibi, wala kutaja jina lake, wala kukanyaga alipokanyaga. Wakiwa na neno linapita kwangu. "Flavia, mwambie baba yako chumvi imekwisha." Naye baba amesimama hapohapo nyuma ya mlango, anasikia kila kitu.

Siku ya safari mimi ndiye niliyemsindikiza bibi. Alikuwa amejitanda khanga na shuka nzito juu yake, nikadhani ni baridi ya mvua. Abiria saba walikwisha kupimwa. Alipobaki yeye, baba akageuka, akatupa mgongo.

"Kasimiri! Zamu ya mkweo," akasema Mzee Mabruki, mfanyabiashara wa mtaa wa Kanyenye, aliyekuwa anapeleka gunia la nta pwani. "Mbona umegeuka kama bibi harusi?"

Watu wakacheka.

"Mwacheni," mwingine akadakia. "Akishataja kilo za mama mkwe, leo atalala wapi?"

Damas akapiga kelele dirishani, "Kilo ngapi huyo? Rubani anangoja!"

Baba akasema, "Sitini."

Bibi hakuwa amegusa mizani. Nikamtazama baba nione kama anatania. Hakuwa anatania. Damas akaandika, bibi akapita nyuma ya Mzee Mabruki, akaikata changarawe iliyolowa mpaka kwenye ndege, akavutwa ndani, mlango ukafungwa.

Baba alikuwa bado ameinamisha macho. Na kwa kuwa ameyainamisha, akaziona nyayo. Nami nikaziona. Za Mzee Mabruki zilikuwa alama tu. Za bibi zilikuwa mashimo, na maji yalikuwa yanaingia.

Ndege ikaanza kwenda. Baba akakimbia. Sikuwahi kumwona baba akikimbia. Alikimbia juu ya nyayo zile zile, akazikanyaga zote, akakata kona mbele ya ndege na kusimama katikati ya njia amenyoosha mikono. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, ndege imesimama, panga zake zinazunguka polepole, na rubani ametoa kichwa anatukana kwa Kiingereza.

Baba alifungua mlango, akaingiza mkono, akamshika bibi kiganja.

Watu wakageuza nyuso.

"Flavia!" bibi akalia kutoka ndani. "Mwambie baba yako aniachie mkono!"

"Flavia," baba akasema, "mwambie bibi yako ashuke. Watakufa wote."

Sikumwambia mtu chochote. Bibi akashuka. Alipopanda mizani mshale ukaruka. Baba akautazama, akamtazama bibi usoni, kwa mara ya kwanza tangu amwoe mama, akataja kwa sauti yake ya kazi:

"Mia moja na kumi na tano!"

Bibi akajifunika. Kisha pole pole akafungua shuka. Mgongoni, pale anapofungwa mtoto, palikuwa na magaloni mawili ya asali, na kiunoni karanga.

"Bernardo aliomba asali ya kwao," akasema. "Wangeninyang'anya."

Asali ikashuka, karanga zikashuka, na bado kilo zilizidi. Rubani akasema kitu kwa Damas. Damas akatafsiri: lazima mzigo mmoja ubaki, ama mama huyu abaki. Ndege nyingine hakuna aliyejua itakuja lini. Bibi hakulia, alisimama tu ameshika ngazi ya ndege.

"Shusheni nta yangu," akasema Mzee Mabruki kutoka ndani ya ndege. "Lakini nisimkute mtu ameikalia."

Hata hivyo magurudumu yaligusa mwanzo wa tope kabla hayajainuka. Tuliliona tope linaruka juu. Mzee mmoja pembeni yangu alikuwa anasoma dua na hakuimaliza, ndege ilikwisha kuinuka.

Nyumbani mama alimuuliza baba neno moja. "Ulimshika mkono?"

"Nilimshika."

Mama akakaa chini sakafuni. Wajomba walikuja wakadai mbuzi wa faini. Baba akatoa mbuzi.

Bibi alirudi kwa garimoshi njia ilipofunguka. Bernardo amepasuliwa, mzima, anakula. Tulifurahi mpaka majirani wakaja. Baba alikuwa nyuma ya mlango kama zamani.

"Flavia," bibi akasema, "mwambie baba yako zile kilo zilikuwa na asali ndani. Awaambie watu."

Baba akatii. Wiki nzima alipita Kanyenye, duka kwa duka, akieleza kwamba mama mkwe wake hana kilo mia moja na kumi na tano, kumi na saba zilikuwa za asali na karanga. Hata wale ambao hawakuwa wamesikia, sasa wakajua. Mama alipopata habari alishika kichwa kwa mikono miwili.