Breki ya Mbele na Kanzu ya Ijumaa

Sasa goti limeanza kupona, naweza kusema. Mimi ndiye ninayewafundisha wanabodaboda wenzangu wa Mji wa Kale kuendesha kwa usalama. Alhamisi niliwakalisha barazani kwa Bi Rukia, nikajigamba kweli kweli.

"Penye utelezi," nikawaambia, "breki ya mbele usiikamate ghafla. Punguza mafuta, kanyaga ya nyuma polepole, pikipiki iwe wima."

Bi Rukia alikuwa dirishani akisikiliza.

Kesho yake nikavaa kanzu nyeupe iliyotiwa wanga, nikapanda pikipiki kwenda msikitini. Nilisahau kwamba kila Ijumaa Bi Rukia huosha baraza lake kwa sabuni, na povu lote hushukia njiani. Nilipofika hapo, paka akanikatia njia. Nikatafuta breki ya nyuma, kumbe mguu umenaswa na pindo la kanzu! Basi mkono ukaikamata ile ya mbele kama mtu akamatavyo mwizi.

Nilijikuta nimelala katika povu, kanzu imepasuka hadi gotini. Wanafunzi wangu, waliokuwa wakingoja abiria hapo jirani, walikuja mbio. Nikainuka upesi, nikanyoosha kidole juu.

"Mmeona? Nimefanya makusudi. Hivyo ndivyo mtu asivyopaswa kufunga breki!"

Wakaitikia kwa vichwa. Wawili waliniamini kabisa.

Hapo Bi Rukia akatoka na fagio lake.

"Mashallah, mwalimu," akasema. "Na aliyepiga yowe 'Mamangu, nafa!' alikuwa nani? Paka?"