Pikipiki Mbili za Msoma Mita

Marehemu mume wangu hakuwa na nyumba ndogo. Naandika hivi kwa sababu hata msibani walikuwepo walionong'onezana kwamba kila asubuhi alikuwa akiingia uani kwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, na kila jioni akitokea huko huko. Kuingia aliingia. Alichofuata ni pikipiki.

Alikuwa msoma mita wa idara ya maji kwa miaka ishirini na miwili. Kazi yenyewe ni kusimama mlango hadi mlango, mara mia kwa siku: unafuta vumbi kwenye kioo cha mita, unaandika tarakimu, unaondoka. Pikipiki yake ya zamani ilikuwa fupi kama yeye, kiti kimeshonwa mara tatu, na ilikohoa kabla ya kuwaka. Lakini akiwa juu yake nyayo zote mbili zilikanyaga chini, na mita nyingi alizisoma bila kushuka.

Nilipopandishwa cheo kuwa mwalimu mkuu, niliionea haya. Wazazi wa wanafunzi walimsikia kabla hawajamwona. Nikamshikilia anunue kubwa, na niliichagua mwenyewe: nyeusi, ndefu, yenye mlio mzito.

"Mama watoto, hii si ya kupanda kwa ngazi?" alisema.

Alikuwa mtu wa utani, nikacheka. Ile ya zamani aliniambia ameshampa mtu.

Mwezi wa tano wifi yangu, dada yake wa tumbo moja, akaniletea maneno. "Wifi, wewe na vitabu vyako. Mumeo anashonewa nini kila siku?"

Nilivaa viatu nikaenda. Fundi cherehani hakuondoa hata mguu kwenye cherehani yake. "Karibu, Mwalimu. Unachotafuta kiko uani."

Uani palikuwa na ile kubwa, inang'aa, imefunikwa shuka. Nikakaa kwenye kibao kumngoja mwenyewe. Alirudi saa kumi juu ya ile kuukuu, anapiga mluzi. Aliponiona mluzi ukakatika.

"Kumbe umenifuata."

"Kwa nini hii kuukuu unaificha huku?"

"Nyumbani ungeniacha niitumie?" Akazima injini. "Ile kubwa nagusa chini kwa ncha za vidole, mama. Penye mteremko sigusi kabisa."

"Mtaa mzima unasema una mwanamke."

"Si unajua sina?"

"Kujua ni kwangu. Wao watajuaje?"

Nilinyoosha mkono, akanipa ufunguo. Fundi cherehani aliniita nikiwa mlangoni, akasema kwa upole, "Mwalimu, si aihamishie tu kwenu, watu waione na maneno yaishe?" Nikamjibu kwamba kwetu haiwekwi. Kesho yake nilimpa mnunuzi wa vyuma chakavu, nikasimama hapo hapo hadi alipoipakia mkokotenini.

Siku ya tisa mume wangu alisimama mbele ya geti la mteja, penye mteremko, akanyoosha shingo asome mita kama alivyozoea. Mguu haukufika chini. Pikipiki ikamlalia. Alikaa hospitali siku nne, na katika siku hizo hakunitupia lawama hata moja. Aliuliza tu kama kuna aliyemalizia nyumba zilizobaki kwenye ile barabara.

Basi anayesema alianguka akitokea kwa mwanamke, aende idara ya maji akaulize daftari lake liliokotwa wapi. Fundi cherehani alimpa mume wangu kivuli cha kuwekea pikipiki, si kingine, na nimemwomba radhi mbele ya wifi yangu.

Watoto wangu wameniuliza kwa nini nilichukua ule ufunguo, nami nimewajibu. Ninyi si watoto wangu. Sina la kuongeza.