Ndama Aliyeombwa na Baba

Nilikuwa na miaka kumi na saba, beki wa kulia asiyepitika kirahisi, klabu moja ya Ligi Kuu ya Wanawake ilipomtuma mtu wake mpaka kwetu Nyanungu. Alikuwa ameniona kwenye mashindano Nyamongo. Alikuja na mkataba: mshahara wa kila mwezi, bima, chumba cha hosteli, viatu vyangu mwenyewe. Ilibaki sahihi ya mzazi.

Kiswahili cha Baba huishia kwenye salamu na maneno mawili matatu, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza nikivunjika mguu nani atanitibu, na kama nitaruhusiwa kuja misibani. Maswali ya mtu mwenye akili zake. Kisha akasema kwa Kikurya, "Mwambie nimekubali. Ila binti hatoki kwenye boma hili hivihivi, kama mpita njia aliyeomba maji. Alete ndama mmoja tu aingie zizini, tujue mtoto ameenda kwa watu. Ndipo nitatia sahihi."

Niliona aibu. Nisizunguke: nilimwonea aibu baba yangu. Nilimtazama yule bwana, raba zake nyeupe pee, nikawaza atacheka, ataenda kusimulia mjini kwamba Wakurya wanadai mahari hata kwenye mpira. Nikamwambia, "Mzee anaomba muda afikirie."

"Hakuna shida, mzee. Tutawasiliana," akasema, akafunga faili lake.

Siku ya nne nilimpigia kumwambia mzee amekubali. Akanijibu kwa upole kwamba dirisha la usajili limeshafungwa, na nafasi yangu amepewa beki mmoja wa Mugumu. "Tulidhani mzee hataki," akasema. Nikamuuliza, kama mzee angeomba ndama, je? Akasema wangenunua mnadani siku ileile.

Yule beki wa Mugumu huonwa na kila mtu kwenye televisheni. Mimi nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi Nyamongo, na mechi zake sizitazami.

Baba, kwa kusikia ile "hakuna shida", alikuwa ameshaziba uzio wa zizi kumngoja ndama. Aliungoja ugeni ule mpaka mvua zikaisha. Siku hizi nikienda kumsalimia hunikatia nyama iliyonona na kusema, "Usijali, mwanangu. Wale watu hawakukuona unatosha hata ndama, lakini mimi najua thamani yako." Ananionea huruma kweli. Nami nakula, sisemi kitu.